Begi Bila Risiti? Lipakate

Leo nina jambo moja tu, na najua litatugawanya. Kama gari halikupi risiti ya begi lako, usiweke ndani ya buti lake kitu usichoweza kukipoteza. Lipakate. Makanga akinuna, anune. Jirani akikuangalia vibaya, mwombe radhi, mpe hata pipi, lakini begi libaki magotini.

Kilichonifanya niandike ni video za meli. Kama TikTok yako inafanana na yangu, umeshaziona: watalii wanaopanda zile meli kubwa zenye mabwawa ya kuogelea na kumbi za sinema, wakibishana kuhusu mabegi kana kwamba dunia inaisha kesho. Kundi la kwanza linasema mpe mpagazi begi pale bandarini, abandike lebo yenye namba ya chumba chako, upande mikono mitupu, jioni ulikute mlangoni. Kundi la pili linasema burura begi lako mwenyewe, kwa sababu likichelewa utashinda mchana kutwa ukiangalia bwawa huku nguo ya kuogelea iko huko chini kwenye shehena.

Nilicheka. Meli za aina hiyo hutia nanga hata hapa kwetu, Kilindini, Mombasa, lakini wengi wetu wa Meru na Embu tutaendelea kuziona kwa simu kwa muda bado. Halafu nikaacha kucheka, kwa sababu huo mjadala ni wetu. Tofauti ni kwamba mtalii begi lake likichelewa, anachelewa kuogelea. Sisi begi likipotea, inapotea laptopu yenye projekti ya miaka minne, kitambulisho, dawa za mzazi, na pesa ya rumu ambayo mtu aliuza ng'ombe kuipata.

Tuanzie Tea Room, pale Nairobi, ambapo wengi wetu tunatafuta gari la kurudi nyumbani. Ukifika, watu watatu wanalishika begi lako kabla hujasema unaenda wapi. Mmoja anavuta kuelekea gari la Embu, mwingine la Chuka, wa tatu anapiga kelele "Meru, Meru, mbili zimebaki!" na zimebaki nane. Hujalipa nauli, hujapata kiti, na begi limeshaingia buti. Sasa jiulize: aliyelipokea ni nani? Mara nyingi si makanga mtakayesafiri naye. Ni kijana wa steji. Gari likiondoka, yeye anabaki hapo hapo akishika begi la mwingine. Mkono uliopokea mzigo wako si mkono utakaokurudishia.

Halafu safari yenyewe. Mnapita Thika, Kenol, Makutano ya Mwea, Embu, Runyenjes, Chuka, Chogoria, Nkubu, ndipo mfike Meru. Kila anaposhuka mtu mwenye mzigo, buti linafunguliwa. Na buti la Nisani mnalijua, ni kile kijinafasi cha nyuma ya kiti cha mwisho. Mabegi yamepangwa moja juu ya lingine, kwa hiyo ili litoke la chini, yote ya juu yanashushwa kwanza, yanawekwa chini barabarani, kisha yanarudishwa. Mara nyingine ni saa moja na nusu usiku, taa ni tochi ya simu ya makanga, na dereva anapiga honi mfanye haraka. Sasa niambie, kati ya mabegi kumi ya mgongoni, mangapi ni meusi? Saba. Labda nane.

Angalia pia foleni yenyewe ilivyo. Anayeshuka Embu anachagua kwanza. Wa Chuka anachagua pili. Sisi wa Meru tunachukua kilichobaki. Sisemi watu wa Embu ni wezi, msije kunishambulia, shosho yangu mwenyewe ni wa Runyenjes. Nasema kwamba mtu mwaminifu kabisa, aliyechoka, gizani, huku anapigiwa honi, anaweza kubeba begi lisilo lake na asijue mpaka afike nyumbani.

Hivyo ndivyo ilivyomtokea rafiki yangu mmoja, mwaka wa nne, anasoma huku Meru. Alikuwa anarudi chuo kufungua muhula. Makanga alimwambia, "Boss, hiyo begi nyuma, hapa ndani hakuna space," na kweli hakukuwa na nafasi. Walipofika Meru, buti likafunguliwa, begi moja jeusi likabaki. Zipu ile ile, mikanda ile ile. Akalifungua. Ndani kulikuwa na nguo za mtoto na mfuko wa mchele wa Mwea. Laptopu ilikuwa imeshuka mahali fulani nyuma, na mtu ambaye pengine naye alikuwa amesimama sebuleni kwake akishangaa nguo za mtoto zimeenda wapi.

Makanga akasema, "Si mimi nilipakia, ni wale wa steji." Akapiga simu steji, wale wa steji wakasema gari lilipoondoka kila kitu kilikuwa ndani. Akaenda ofisini, akaonyeshwa ilani ukutani: mizigo ni kwa hatari ya mwenyewe. Akaacha namba yake ya simu. Akaacha pia lile begi lenye nguo za mtoto, maana yeye si mwizi. Alikwenda pale kila jioni kwa wiki nzima. Haikupatikana. Projekti aliianza upya kwa kompyuta za maktaba, zile za kusubiri foleni.

Na sasa sikiliza sehemu inayoniuma zaidi. Ndani ya buti hilo hilo, safari hiyo hiyo, kulikuwa na boksi la viatu. Mwenyewe hakuwa ndani ya gari. Mtu alilipeleka ofisini Nairobi, akalipa mia mbili hamsini, akaandikiwa risiti yenye namba, jina la mtumaji, jina la mpokeaji, na simu za wote wawili. Boksi likafika Meru. Mpokeaji akaonyesha kitambulisho, akaweka sahihi kwenye daftari, akaenda na viatu vyake.

Umeiona hiyo? Mzigo usio na abiria una karatasi. Mzigo wa abiria aliyelipa nauli kamili hauna chochote. Viatu vya mtu aliyeketi nyumbani vilikuwa salama kuliko laptopu ya mtu aliyekuwa amekaa mita mbili mbele yake.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hiyo methali tuliikariri shule ya msingi tukidhani ni ya wafanyabiashara. Kumbe ni ya Nisani. Kilichoyalinda yale maviatu ni daftari. Buti lilikuwa lile lile, dereva yule yule, barabara ile ile.

Sasa turudi kwenye ndege na meli kidogo, kwa sababu huko walishabishana haya yote na wakaandika sheria. Kuna Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Kenya ni mwanachama. Unasema shirika la ndege lazima likupe lebo ya kutambulisha kila begi unalolikabidhi. Lazima, si hiari. Begi hilo likipotea au likiharibika mikononi mwao, ni wao wanaowajibika, mpaka kiwango kilichowekwa. Tangu mwisho wa Desemba 2024 kiwango hicho ni SDR 1,519 kwa kila abiria. SDR ni kipimo cha pesa cha IMF, na kwa shilingi zetu hiyo ni zaidi ya laki mbili na nusu. Begi likifika limeharibika una siku 7 za kulalamika kwa maandishi. Lisipofika ndani ya siku 21, unaweza kudai kama lililopotea. Na begi dogo ulilobaki nalo mwenyewe je? Hilo shirika linawajibika tu kama uharibifu ulitokana na kosa lao.

Baharini ni vivyo hivyo. Mkataba wa Athens wa 1974, uliorekebishwa 2002, unatenganisha mzigo uliokaa nao chumbani na mzigo uliowakabidhi. Wa chumbani ukipotea tu hivi hivi, ni wewe wa kuthibitisha kwamba wenye meli walikosea. Ule uliowakabidhi ukipotea, ni wao wa kuthibitisha kwamba hawakukosea.

Sijataja hayo ili nionekane wakili. Nimeyataja kwa sababu wazo la msingi ni rahisi, hata mtoto wa darasa la nne analielewa: ukibeba mwenyewe, jukumu ni lako, ukimkabidhi mtu, jukumu linaenda pamoja na begi. Ndiyo maana yule mtalii anaweza kuchagua. Akitoa begi, anatoa na wasiwasi. Hata abiria wa SGR pale Syokimau anajua anasimama wapi: begi lake linapangwa chini mbwa wanuse, linapita kwenye mashine, kisha analichukua na kupanda nalo mwenyewe. Kuanzia hapo ni lake, na liko mkononi.

Sisi wa Nisani tuna mfumo wa tatu, ambao sijui nani aliubuni: begi unatoa, hatari unabaki nayo. Unawapa mali, wanakuachia jukumu. Huo si usafirishaji, huo ni upigaji ramli.

Sasa najua kuna wasee wameshaanza kuandika aya ndefu, kwa hiyo ngoja niwajibu mapema.

Wa kwanza: "Gari ni la abiria 14, mkipakata wote mabegi tutakaa wapi?" Ni kweli, na ndiyo maana sikusema upakate kila kitu. Mtu mwenye sanduku la bati la shule, au mama anayeleta ndizi kutoka Nkubu, au shosho mwenye kuku na viazi, hawezi kupakata. Hao ndio wanaohitaji risiti kuliko mimi na wewe. Mimi nikibanwa sana nitavaa begi kifuani. Mama mwenye gunia mbili hana ujanja huo, na gunia zake mbili ndizo mtaji wake wote.

Wa pili: "Begi kwenye korido ni hatari, ajali ikitokea watu hawatoki." Hapo nakubaliana nawe asilimia mia, na sitaki utani. Hii barabara yetu tunaijua. Julai 2022 basi lilitumbukia pale Daraja la Nithi, zaidi ya watu 30 wakafa. Kila mara gari linaposhuka ule mteremko, kila mtu ndani ananyamaza, hata wale wa kuchat. Kwa hiyo begi la kupakata liwe dogo, likae magotini au kati ya miguu yako, lisizibe mlango wala njia. Kama haliwezi, basi limekuwa mzigo, liende nyuma. Vitu vya thamani vitoe kwanza.

Wa tatu: "Sisi huwa tunaweka nyuma kila siku na hakujawahi kupotea kitu." Hongera. Hata mimi sijawahi kugongwa na gari, na bado naangalia pande zote mbili nikivuka. Makanga wengi ni watu wazuri. Nimewaona wakishuka kumvukisha mzee barabara na wakirudisha simu iliyosahauliwa kwenye kiti. Lakini wema wa mtu si mfumo. Makanga mwema akiwa na mabegi meusi nane na giza, wema wake hautamwambia lipi ni la nani.

Basi tufanye nini? Kuna ya kwetu na kuna ya wenye magari.

Ya kwetu kwanza. Safiri na mabegi mawili, hata kama la pili ni kamfuko tu. Kwenye dogo weka laptopu, kitambulisho, vyeti, dawa, miwani, pawabenki na pesa. Hilo halitoki mikononi mwako hata makanga aimbe. Cheki, waliotunga neno "kipakatalishi" tunawachekaga, eti nani anasema hivyo, lakini walikuwa wamemaliza kazi: hicho ni kitu cha kupakatwa. Jina lenyewe ni maagizo ya usafiri.

Begi kubwa likienda nyuma, lifanye lisifanane na lingine lolote duniani. Funga kipande cha kitenge chenye rangi ya kupiga kelele kwenye mkanda. Andika namba yako ya simu ndani, si nje peke yake, ili aliyelibeba kwa makosa akilifungua akupigie. Hilo peke yake lingemrudishia rafiki yangu laptopu yake, na lile begi la nguo za mtoto lingemrudia mama yake. Watu wawili walipoteza mali siku ile, na huenda hapakuwa na mwizi hata mmoja.

Kisha piga picha. Begi likiwa ndani ya buti, namba ya gari ionekane, na tiketi yako kama unayo. Sekunde tano. Kwa sababu Katiba yetu, kifungu cha 46, inampa mtumiaji wa huduma haki ya kulipwa fidia kwa hasara inayotokana na kasoro za huduma. Na kuna Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Lakini ukienda huko bila karatasi na bila picha, unakwenda na hadithi, na hadithi kila mtu anayo. Na buti likifunguliwa njiani, shuka. Jifanye unanyoosha miguu. Macho yawe kwenye kitenge chako.

Sasa ya wenye magari, na hapa ndipo nataka mnisaidie kusambaza. Saccos zetu, tunaomba kitu kimoja: kadi yenye namba, vipande viwili. Kimoja kinafungwa kwenye begi, kingine anapewa abiria. Buti likifunguliwa Embu, onyesha kipande chako, chukua begi lako, kwaheri. Namba inaweza kuwa ile ile ya kiti, 1 mpaka 14. Kadi za plastiki zinatumika mwaka mzima. Hakuna programu ya kununua, hakuna mtu mpya wa kuajiri. Vitabu vya risiti mnavyo tayari, mnavitumia kwa vifurushi. Najua kuna mabasi makubwa ya masafa marefu yanayobandika stika, na makanga wengine huandika namba ya kiti kwenye begi kwa makapeni. Pongezi kwao. Kama wao wanaweza, inawezekana.

Na msituambie matatu haziwezi kubadilika. Wengi wenu hamkuwa mmezaliwa, lakini waulizeni wazazi kuhusu Februari 2004, wakati zile sheria za Waziri John Michuki zilipoanza kazi. Mikanda kwenye kila kiti, kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, makanga na dereva wavae sare na beji. Magari mengi hayakuwa tayari, na siku zile za kwanza watu walitembea kwa miguu kwenda kazini. Ilisemekana haiwezekani. Leo hata hatukumbuki kwamba kuna wakati gari hili hili lilibeba watu waliosimama wakiwa wameinama kama alama ya kuuliza. Kama waliweza kuweka mikanda 14, watashindwa kadi 14?

Mpaka hapo watakapoweka, msimamo wangu haubadiliki. Uliza pale steji, kwa adabu tu: "Buda, risiti ya begi iko?" Ukiuliza wewe peke yako watakucheka. Wakiuliza abiria kumi kwa siku, kwenye kila steji kutoka Maua mpaka Embu, kuna mwenye gari mmoja atagundua kwamba kadi inaleta wateja, na wengine watamfuata kwa sababu ya ushindani. Hivyo ndivyo tulivyopata WiFi na skrini ndani ya matatu. Hakuna sheria iliyowalazimisha kutuwekea miziki. Tulichagua magari yenye miziki, basi.

Kwa hiyo wiki hii vyuo vikifunguliwa, kabla hujaingia, uliza. Wakikupa kadi, wape begi ulale usingizi mpaka Chuka. Wasipokupa, unajua la kufanya.

Wewe umeshapoteza nini kwenye buti? Na je, kuna gari la njia yetu linalotoa kadi? Litaje, tulipigie debe.